Mpaka wa Chaneli ya Nne

Ukimwita injinia, alikuwa anageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia. "Mainjinia wako Nairobi," alikuwa akisema. "Hapa kuna fundi tu." Basi tukamwita Fundi, kuanzia bosi mpaka askari wa lango, na leo nikitaka kumwandika jina lingine haliji mkononi. Alizaliwa wapi, alikuwa wa nyumba gani, hayo waulizeni watu wa kwao. Mimi nilimjua ndani ya chumba cha mitambo, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja mjini Nyeri, na tulikaa humo pamoja miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu.

Kazi yangu ilikuwa kusoma vifo. Kituo chetu kidogo cha televisheni kilikuwa na chaneli nne, na ya nne ilikuwa ya matangazo ya mazishi kwa Kikuyu. Picha ya marehemu ilikaa upande mmoja, maelezo upande wa pili, na sauti yangu juu yake ikitaja mume, mke, watoto, wajukuu, siku na mahali pa kuzika. Mjini waliniita Mama Matanga. Nikiwa sokoni naulizia bei ya viazi, mtu alikuwa anaweza kusikia sauti nyuma yake akajishika kifua. "Aki, ni nani tena?" Ni mimi, mama, nanunua viazi. Nilizoea. Fundi hakuzoea. Kila nilipofika asubuhi na bahasha ya picha, alivua kofia kabla ya kuzipokea, na ile kofia haikurudi kichwani mpaka picha zote ziwe zimeingia kwenye mashine.

Siku yangu ya kwanza kazini alinichorea shamba. Alichukua boksi la kadibodi, akalipasua, akachora mstatili kwa kalamu nene.

"Hii ni masafa yetu. Serikali imetupatia moja tu, na haiongezeki. Zamani shamba yote ilikuwa ya mtoto mmoja, chaneli moja, kwisha. Dijitali ilipokuja tukaambiwa tunaweza kugawa."

Akagawa. Mtoto wa kwanza ni chaneli kubwa, yenye HD, ile picha safi ambayo unaona mpaka jasho kwenye pua ya mtangazaji. Habari na michezo zinapita hapo. Wa pili ni muziki na ukulima. Wa tatu ni mahubiri. Wa nne, kitinda mimba, kipande chembamba kule chini kabisa.

"Hapo ndipo unakaa, mami," akaniambia. "Na huyu wa kwanza," akagonga kile kipande kikubwa kwa ukucha, "huyu hashibi. HD ni tumbo. Ukimwachia atakula ndugu zake wote."

Halafu akachora vijani vidogo kwenye mistari ya kugawa. Nikamuuliza ni nini. Akaniangalia kana kwamba nimelelewa na watalii. Ilikuwa ni itoka, ule mmea wa majani marefu ambao wazee wetu waliupanda mpakani. Mtu aliyeng'oa itoka ili aongeze shamba lake alikuwa anajitafutia laana, yeye na watoto wake, na hata leo, watu wakiwa na hati na wapimaji, huko Tetu utamkuta mzee anaamini itoka kuliko hati. Fundi alilibandika lile boksi ukutani juu ya mitambo na likakaa hapo miaka yote. Wageni kutoka Nairobi walikuja na kompyuta zao wakacheka. Fundi naye alicheka, akawapa chai, lakini boksi halikutoka.

Tena alinifundisha kwamba uso lazima uive. Hilo lilikuwa neno lake. Chaneli ikiwa na nafasi ndogo, picha mpya haiji nzima mara moja. Inakuja kwanza vipande vipande, miraba miraba, pua haijulikani na sikio, halafu pole pole inajijaza mpaka unaona mtu. Kwa hivyo kila marehemu alipewa sekunde ishirini. Bosi alitaka ziwe kumi ili matangazo mengi yaingie. Fundi akakataa.

"Uso wa mtu ni kama githeri," alimwambia bosi mbele ya watu. "Ukiepua kabla haijaiva, usilaumu mahindi."

Ilikuwa na maana yake. Kwetu majina yanarudi. Mtoto anaitwa babu yake, babu aliitwa babu yake, na kuna majina mawili ambayo ukiyaita pamoja pale sokoni Giakanja, watu tisa watageuka na wa kumi atauliza ni nani anamtafuta. Mimi nikisoma jina hewani, nilikuwa sijasema lolote. Ni uso ndio ulimwambia mama fulani aache kumenya viazi na atafute kitambaa cha kichwa. Fundi alilijua hilo kuliko mimi niliyekuwa nalipwa kusoma. Kitu kimoja tu alikitaka maishani, nje ya chai na mpira: kila mfu aonekane vizuri, ili jamaa zake wajue ni mtu wao na waende kumzika.

Usidhani alikuwa malaika. Aliingia kazini na nduma iliyofungwa kwenye gazeti akaila juu ya mitambo, makombo yakaingia kwenye vitufe, halafu akawagombeza wengine kwa kuleta soda. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alitia vijiko vinne kwenye kikombe. Nikimwambia, alijibu, "Daktari alikataza sukari, hakukataza chai." Alikuwa mkaidi, ii! Mwaka mzima hakuzungumza na mtu wa kamera kwa sababu yule kijana alisema chaneli ya nne ni ya wazee.

Na alikuwa mwoga. Fundi wa mitambo aliyeogopa mnara! Alikuwa akiwatuma wengine juu, yeye anasimama chini, ameshika waya kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, anaomba kwa sauti kama mama wa kanisa. Mtu akishuka salama, alimkaripia kwa kuchelewa.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Huyu mtu aliyeweza kukaa mita tano kutoka kwenye skrini akakuonyesha kidoa kimoja kilichokosa rangi, nyumbani kwake Ruring'u alikuwa na TV ya zamani yenye mgongo, rangi zimepauka, kila mtu ndani yake anaonekana ana homa ya manjano. Watoto wake walitaka kumnunulia kubwa bapa ya ukutani. Alikataa. Alisema mpishi hali karamu yake. Lakini mpira, mpira alikuwa haukosi. Jumamosi uwanja wa Ruring'u ukiwa na mechi, hata ya watoto wa shule, alikuwa pale kwenye nyasi na redio mfukoni, akiwasomesha makocha wote wawili.

Jumapili zake zilikuwa za wazee. Kila masafa yalipobadilishwa, au chaneli zikapangwa upya, ilibidi kila mtu nyumbani asake chaneli zake tena kwenye dikoda, kile kisanduku cha kupokea chaneli. Kwa kijana ni dakika mbili. Kwa cucu, bibi mzee anayeishi peke yake, na rimoti ameifunga kwenye karatasi ya plastiki isiingie moshi, hiyo ni safari ya kwenda mwezini. Basi Fundi akitoka kanisani alikuwa anashika njia ya Giakanja na koleo mfukoni, nyumba kwa nyumba, anasaka chaneli za watu. Hakutumwa na mtu.

Siku moja nilimsindikiza. Kulikuwa na mama mmoja alilalamika kwamba picha ilikuwa safi Januari na sasa imepotea. Tukatoka nje tukaangalia. Mwanawe alikuwa amekata mti mbichi akausimamisha na kufunga antena juu, mvua za Aprili zikaja, mti ukashika mizizi na kuchipuka, majani yameifunika antena yote na ndege wawili wameanza kujenga.

"Mama," Fundi akamwambia, "hii si antena tena, hii ni msitu. Utaulizwa na watu wa misitu."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Naye Fundi alitafuta nguzo kavu, akaisimamisha, akaelekeza antena, na aliponiita nishike ngazi nikakumbuka woga wake. Alipanda hatua tatu, akashuka, akapanda tena akitetemeka mpaka ngazi ikalia, akafunga. Kwa mama huyo alipanda. Alikuwa cucu mfupi wa Giakanja mwenye gambuti za kijani, zile buti za mpira, na jina lake sitalitaja. Mtamwona tena.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Bosi wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa suti aliyekopa ndoto kubwa, akataka kituo chetu kiwe cha kwanza milimani kuonyesha mpira moja kwa moja kwa HD. Ikapatikana mechi, timu zetu mbili za hapahapa, uwanja wa Ruring'u, Jumamosi mchana. Wiki nzima mji ulizungumza hilo tu. Kwenye mkutano bosi alisema HD lazima iwe safi hata kama ni kubana wengine kidogo. Akanigeukia mimi.

"Picha zenu zimesimama tu. Maiti haikimbii. Nafasi yote hiyo ni ya nini?"

Fundi alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisema, polepole, kwamba siku bosi atakapofiwa ataelewa, na akatoka nje bila kumaliza chai, na yeye alikuwa mtu wa kumaliza chai.

Jumamosi ikafika. Matangazo yangu nilikuwa nimeyarekodi asubuhi, na kwa kweli nilikuwa dirishani, nasikiliza uwanja ukipiga kelele kutoka upande wa pili wa mji, na najisikia vizuri kwamba kituo chetu kidogo kimefika mbali. Fundi alikuwa peke yake kwenye mitambo. Bao lilifungwa dakika za mwisho. Tulikumbatiana humo ofisini kama watu wa arusi.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, cucu wa gambuti za kijani alipanda ngazi zote zile mpaka juu. Alikuwa amebeba kitambaa, na ndani ya kitambaa picha ndogo ya mwanamume mwenye masikio makubwa. Alizungumza Kikuyu, na maneno yake ninayatafsiri hapa kama nilivyoyasikia.

"Huyu ni ndugu yangu. Tulibaki wawili. Alikwenda Kangema kwenye majani chai akazeekea huko. Nasikia mlimtangaza."

Nikaangalia kitabu. Kweli, tulikuwa tumemtangaza, Jumamosi ile, saa tisa mchana. Nilikuwa nimelisoma jina lake kwa sauti yangu mwenyewe.

"Nilikuwa nimekaa naangalia," akasema. "Jina nililisikia. Lakini hilo jina hapa Giakanja wako nalo wangapi? Nikasema ngoja nione uso. Nikaangalia, nikaona vipande vipande, kama ukuta wa matofali. Nikasema, si wangu, wangu ningemjua. Nikaendelea kumenya viazi." Aliigeuza picha mkononi. "Walimzika Alhamisi. Waliningoja mpaka saa nane, wakasema labda bado nina hasira naye kwa ajili ya mambo ya zamani. Wakamfunika. Sasa nataka mnionyeshe tena ile picha. Nijue kama ni mimi nilikuwa kipofu, ama ni nyinyi."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Alimvuta Fundi kando, lakini chumba kile ni kidogo na mimi masikio ninayo. "Mwambie ni antena yake," alinong'ona. "Wazee hawa antena zao ni za kufunga na kamba."

Fundi alitafuta faili kwenye mashine, akaifungua. Picha ilikuwa safi kabisa, masikio na yote, mpaka kovu dogo juu ya jicho. Cucu aliiangalia muda mrefu.

"Kumbe alizeeka," akasema.

"Hukuwa kipofu, mama," Fundi akamwambia. Kofia ilikuwa mkononi. "Na antena yako ni nzuri, niliisimamisha mimi mwenyewe. Picha ilitoka hapa ikiwa nzima, lakini njiani nafasi ilikuwa imekatwa. Ilikatwa kwa ajili ya mpira. Mimi ndiye nilikata. Nilihamisha itoka."

Nilidhani cucu atalia, au atampiga, na yote mawili ningeyaelewa. Hakufanya lolote. Aliifunga picha yake kwenye kitambaa, fundo moja, fundo la pili. Nikamletea chai. Akaitazama ile chai akasema, "Nimesikia," akashuka ngazi. Kwetu mtu akikataa chai yako baada ya safari kama hiyo, amekwambia kila kitu.

Sisi wote tulijua, au tulidhani tunajua, kwamba Fundi amejitwika mzigo wa bosi. Ofisini watu walimheshimu zaidi. Mimi nilimchukia bosi kwa miaka, nikawa namsalimia kwa ncha za vidole. Fundi hakumtetea na hakumlaumu. Alichofanya ni kuchukua TV ndogo iliyokuwa kwenye kona ya chumba cha mitambo. Ilikuwa na antena yake mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kutuonyesha kile ambacho watu nyumbani wanakipata hasa, maana kinachotoka kwenye mashine sicho kinachofika kwa cucu. Aliiweka kwenye chaneli ya nne, akaitoa rimoti betri, akaziba vitufe kwa gundi ya karatasi. Tangu siku hiyo ikawa ni wafu tu kwenye ile kona, asubuhi hadi jioni. Mpira ukichezwa Ruring'u, hakwenda tena. Nilipomuuliza, alisema miguu inamuuma.

Alikwenda Giakanja kumwomba cucu msamaha, mara nyingi, na unga na sukari kwenye mfuko. Cucu alimpokea pale kwenye geti, wakazungumza juu ya mvua na baridi ya Julai, mfuko akaupokea kwa adabu, na ndani hakumkaribisha. Fundi aliniambia hayo bila kunung'unika. "Ana haki," alisema. "Mimi pia nisingenifungulia."

Chaneli ya nne ilikufa kama mzee wa kawaida, polepole, kila mtu akisema leo ana nafuu. Bosi alitaka chaneli ya pili nayo iwe HD, na watumaji wa matangazo walikuwa wamepungua kwa sababu sasa vifo vinatangazwa kwenye simu, kwenye vikundi vya ukoo. Hesabu ilikuwa rahisi. Shamba haliongezeki. Fundi alipigana. Aliandika barua kwa mkono, kurasa nne, kwamba kuna watu hawana simu hizo na hawatakuwa nazo, na kwamba kwao chaneli ya nne ndiyo mlango pekee ambao kifo kinabisha. Bosi alisoma kurasa zote nne, nakiri. Halafu akaifunga chaneli.

Siku ya mwisho nilisoma watu sita. Wa sita alipokwisha kuiva, sekunde zake ishirini zikapita, Fundi akamwachia zingine ishirini, na zingine. Mtu wa habari alikuwa anagonga mlango. Baadaye kukawekwa maandishi kwamba watazamaji wasake chaneli upya. Fundi akalibandua boksi lake ukutani, akalikunja chini ya kwapa, na mwisho wa mwezi huo akastaafu. Tulimkatia keki. Alikula vipande vitatu, na sukari yake ile.

Mimi nilipelekwa kwenye muziki na ukulima, nasoma bei ya maziwa. Miaka ikapita kama inavyopita, unasema kesho nitamwona, kesho inakuwa Krismasi.

Mara ya mwisho nilimkuta Ruring'u, Jumapili mchana, amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba, mguu mmoja umefungwa bandeji mpaka kwenye goti na mwingine umevimba. Binti yake alinong'ona mlangoni kwamba hospitali imesema mguu ukatwe, na mzee amesema ataenda kaburini na yote miwili. Jua lilikuwa limetoka na Mlima ulionekana wote.

"Mami," akasema, "leo signal ni safi." Alikuwa na imani hiyo, kwamba Mlima ukionekana mawimbi nayo yanapita vizuri. Hakuna kitabu kinachosema hivyo.

Tuliingia ndani kwa sababu upepo ulianza. Ile TV yenye mgongo ilikuwa bado ipo. Binti yake akaniambia, kwa kulalamika, kwamba baba hataki dikoda isakwe upya, kwa hivyo wanakosa chaneli zote mpya. Nikachukua rimoti nikapitia orodha. Nikaiona pale, chini kabisa, chaneli ya nne, jina lake kamili. Ukiibonyeza inakuja nyeusi, hakuna signal. Lakini jina lipo, kwa sababu dikoda isiposakwa haijui kwamba chaneli imekufa.

"Ukisaka, inapotea," Fundi akasema. "Wacha ikae."

Nikaweka rimoti chini. Binti yake alienda jikoni. Fundi akainamisha kichwa, nikadhani amesinzia.

"Bosi hakunituma," akasema.

"Wapi, Fundi?"

"Ile Jumamosi ya mpira. Nyinyi wote mlifikiria ni yeye. Alisema HD iwe safi, na ilikuwa safi. Nilikuwa nimepanga vizuri, bila kugusa chaneli yako. Mpira ukaanza, vijana wakakimbia, vumbi likapanda, picha ikakatika kidogo kule kwenye kona. Kidogo tu, mami. Hata bosi hakuona. Lakini mimi niliona. Na nilikuwa nataka kuona nyasi. Miaka yote nimeupenda ule uwanja, nilitaka mara moja niuone vile unatakikana kuonekana." Alikuwa anaangalia ile skrini nyeusi. "Nikasema, hawa wengine watangoja kidogo. Nikasema maiti haikimbii. Hayo maneno yake yalitoka kwa mdomo wangu. Na ile TV ndogo ya kona, nikaigeuza kwa mpira, ndio nisione vile nimefanya."

Miaka yote nilikuwa nimemchukia mtu ambaye si yeye, na nilimpenda huyu kwa sababu ambayo si ya kweli. Na nitasema wazi, pale mbele ya ile skrini nyeusi nilimpenda zaidi, na niliumia.

"Nilimwambia cucu ni mimi," akasema. "Nilisema ukweli. Lakini niliacha nyinyi mfikirie ninamficha bosi. Hiyo ndiyo inanila, si sukari."

Halafu akamwita binti yake alete bahasha ya juu ya kabati. Ndani kulikuwa na picha yake, kubwa kama daftari, aliyokuwa ameenda kupigwa studio mjini, amevaa koti, kofia mkononi. Na karatasi yenye majina saba, na nyumba zao, Giakanja na Ruring'u. Watu wasio na simu zile.

"Nikienda, usitume hii kwa simu. Simu inabana picha, inakula uso. Peleka kwa miguu. Wape muda waangalie."

"Sekunde ishirini?" nikamtania, maana vinginevyo ningelia.

"Wewe wape arobaini," akasema. "Nimezeeka, nachelewa kuiva."

Alikwenda mwezi wa saba, kwenye ile baridi na ukungu, Mlima haujaonekana wiki nzima. Bosi wa zamani alituma rambirambi ndefu kwenye kikundi chetu cha simu, nikampigia, nikamwomba msamaha, na hakuelewa ni wa nini. Kwenye kikundi picha ya Fundi ilizunguka ikiwa ndogo kama stempu.

Mimi nilivaa gambuti nikabeba ile kubwa ndani ya plastiki. Nilizunguka nyumba sita za kwanza siku mbili. Ya saba kwenye karatasi, ameiandika mwisho kabisa, ilikuwa ya cucu wa Giakanja.

Alikuja kwenye geti kama alivyozoea, mfupi zaidi, macho yameingia ukungu. Nguzo ile kavu bado ilisimama nyuma ya nyumba na antena juu yake. Sikusema jina. Nilitoa picha kwenye plastiki nikamshikia, na ukungu ukawa unapita kati yetu. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akapitisha kidole kwenye koti, kwenye ile kofia, akarudi kwenye uso. Zilipita sekunde zaidi ya arobaini.

"Huyu ninamwona," akasema.

Akanirudishia picha kwa mikono miwili.

"Mazishi ni lini?"

"Alhamisi, cucu."

Alifungua geti, kwanza komeo la juu, halafu la chini, akaliachia wazi nyuma yangu.

"Ingia unywe chai," akasema, "nitafute kitambaa cha kuvaa. Wasije wakamfunika kabla sijafika."